Siku mbili Normandy na wanafunzi
Mwalimu, umeuliza kama siku mbili zinatosha kuwatembeza wanafunzi Normandy, eneo la pwani ya kaskazini mwa Ufaransa ambako majeshi ya Washirika yalitua Juni 1944 kupigana na Wajerumani. Zinatosha, ila laleni Bayeux, mji ulio karibu na fukwe, si Paris, na mkodi basi. Usafiri wa umma kwenda fukweni ni wa kubahatisha. Anzeni Omaha, ufukwe walikotua Wamarekani, kisha makaburi ya Wamarekani ya Colleville-sur-Mer, zaidi ya 9,000. Halafu, na hapa wengi huruka, wapelekeni La Cambe walikozikwa Wajerumani zaidi ya 21,000. Wapo wa miaka 18 tu. Waache wanafunzi wasome tarehe kwenye mawe, usihutubie. Pale Pointe du Hoc, jabali la pwani walilolishambulia Wamarekani, mashimo ya mabomu ya 1944 bado yapo. Arromanches mfike maji yakipwa, ndipo mabaki ya bandari ya muda waliyoijenga Waingereza 1944 huonekana vizuri. Makumbusho? Moja tu, watoto huchoka.