Mlango wa gari hufika kwa koyote kabla ya filimbi yako

Msimu wangu wa kwanza wa kuwinda koyote, mnyama wa porini anayefanana na mbweha, huku Kansas, Marekani, niliita kwa filimbi asubuhi nyingi bila kuona hata mkia. Nikailaumu filimbi, nikanunua nyingine. Kumbe kosa lilikuwa mlango wa gari. Nilikuwa naubamiza, funguo zinalia mfukoni, halafu nakwenda kukaa nyasini na kuliza filimbi kama sungura aliyeumia, ili koyote aje akidhani kapata mlo.

Koyote amezoea kelele. Trekta, ng'ombe, pampu ya mafuta, treni ya usiku, vyote anavijua na hashtuki. Kinachomkimbiza ni mlio usio wa pale: chuma kugonga chuma, zipu, velkro (ule utepe wa kunasana) ikibanduliwa, koti la nailoni likikwaruza majani makavu. Kwa hiyo acha gari nyuma ya kilima, sukuma mlango taratibu mpaka ushike, kisha tembea mita mia nne au tano. Vaa sufu. Bunduki ipakie ukishafika, polepole.

Mtihani mkubwa ni theluji. Baridi ikizidi, kila hatua hulia kama unakanyaga maganda ya karanga. Na asubuhi tulivu ya namna hiyo sauti huenda mbali, maana hewa baridi imelala chini, yenye joto iko juu yake, na sauti hupinda kurudi ardhini. Basi anza kuita kwa sauti ya chini. Huenda mnyama amelala mita mia tu kutoka ulipo, na ukimpigia kelele ghafla atatoroka. Ongeza baada ya dakika chache.

Siku ya upepo mambo hugeuka: hatua zako hufichika, lakini na mwito wako humezwa. Hapo mimi huita kwa nguvu zaidi na vituo vyangu vya kuitia huwa karibu karibu. Kumbuka pia kwamba atazunguka aje kutoka upande ambako upepo unapeleka harufu yako, kwa hiyo kaa mahali unapouona upande huo.

Kinga masikio, tafadhali. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na usikivu ukipotea haurudi. Zipo kinga za kielektroniki zinazokuza sauti ndogo na kukata mshindo. Mimi sitoki bila yangu.

Ukishafyatua, usisimame. Lia kama mtoto wa koyote, ukae dakika tano zaidi. Mwenzake huweza kurudi.