Nyekundu mdomoni, machoni na mashavuni kwa pamoja

Dadangu, umeuliza kama unaweza kupaka nyekundu mdomoni, machoni na mashavuni siku moja, kwa harusi ya binamu yako. Unaweza kabisa, ila sehemu moja ndiyo itawale. Mimi huupa mdomo nafasi hiyo. Kwa ngozi yetu nyeusi, nyekundu iliyoiva, inayokaribia damu ya mzee, hupendeza mno. Zungushia penseli ya kahawia, paka lipstiki, bana tishu katikati ya midomo, kisha paka tena. Hapo hata pilau haiiondoi upesi.

Mashavuni gusa kidogo tu kwa kidole, usambaze kuelekea sikioni.

Machoni ndipo penye kazi. Nyekundu ikikaa shinani mwa kope, utaonekana umelia usiku kucha. Tanguliza mstari wa wanja mweusi, nyekundu ije juu yake. Na tafadhali usipake lipstiki machoni: kule Marekani, baadhi ya rangi nyekundu zinazoruhusiwa midomoni haziruhusiwi karibu na macho.

Ukienda kununua rangi River Road, Nairobi, toka nayo mlangoni uitazame kwa mwanga wa jua. Taa za dukani hudanganya sana.