Tozo ya Mwajiri Inapopanda, Anayeilipa ni Mgonjwa: Ushauri kwa Wanaoendesha Vituo vya Afya Nyanda za Juu Kusini

Kila bajeti ya Serikali inaposomwa mwezi Juni, habari za tozo anazolipa mwajiri juu ya mishahara huchukuliwa kuwa habari za wenye viwanda na wafanyabiashara wakubwa. Mimi nimefanya kazi ya uhasibu katika vituo vya afya vya mashirika ya dini hapa Nyanda za Juu Kusini, kazi yangu kubwa ikiwa ni kuandaa mishahara na makato yake, na vitabu vimenionyesha jambo jingine. Mzigo wa mwajiri ukiongezeka hata kwa asilimia moja ya mishahara, wa kwanza kuuhisi ni mgonjwa aliyekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Nawaandikia hasa wahasibu wenzangu, waganga wafawidhi, na wajumbe wa bodi ambao hupitisha bajeti za taasisi hizi bila kuoneshwa tozo hizi zinagusa wapi.

Mikoa yetu inaishi kwa hospitali za aina hiyo. Mtu wa Makete anaitegemea Ikonda, wa Wanging'ombe anaitegemea Ilembula, wa vijiji vya Iringa Vijijini anaitegemea Tosamaganga, na Rungwe na Busokelo wana Igogwe na Itete. Ni hospitali za makanisa, lakini kazi yake ni ya umma, na ndiyo maana Serikali huingia mikataba na taasisi kama hizi, ikapeleka watumishi wake na ruzuku. Hata hivyo watumishi hao hawatoshi popote nilipofanya kazi. Wanaobaki, yaani baadhi ya wauguzi, wataalamu wa maabara, mpishi, mlinzi na dereva wa gari la wagonjwa, huajiriwa na taasisi yenyewe, na kwa hao taasisi ni mwajiri kama mwenye kiwanda.

Sheria inamtaka mwajiri huyo nini? Kwa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii unaolipa pensheni, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo mwajiri hutoa walau asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa asilimia 1 mwaka 2015, akapunguziwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, sawa na mwajiri wa umma. Kuna pia tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo wahasibu wote huiita SDL, ambayo hailipwi na mfanyakazi hata senti moja. Ilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013 iliposhushwa kuwa 5, ikawa 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2021 na 3.5 mwaka 2023. Mwaka huo wa 2021 pia waajiri wenye wafanyakazi chini ya kumi waliondolewa katika tozo hiyo, ilhali awali ilimgusa hata mwenye wanne.

Msomaji ataona kwamba viwango vimekuwa vikishuka, na atauliza mzigo unaongezekaje. Unaongezeka kwa sababu tozo hizi zote ni asilimia ya mshahara, na mshahara haukai mahali pamoja. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, Serikali yenyewe, inayochangia asilimia 15 PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwa kila mtumishi, ilijiongezea shilingi 19,500 kwa mwezi kwa kila aliyekuwa kwenye kima hicho, mbali na nyongeza yenyewe. Hospitali ya kanisa iliyo kando ya hospitali ya wilaya haiwezi kubaki nyuma sana, kwani muuguzi atahama. Ikipandisha mshahara, michango inapanda pamoja nao.

Naomba nitumie mfano wa taasisi yenye waajiriwa 40 wanaolipwa wastani wa shilingi 600,000. Mishahara ni shilingi 24,000,000 kwa mwezi. NSSF ya mwajiri ni 2,400,000 na WCF ni 120,000. Kama taasisi hiyo inawajibika kulipa SDL, kwa kiwango cha asilimia 3.5 inaongezeka 840,000, ambayo ni mshahara wa muuguzi mmoja pamoja na michango yake yote, na chenji inabaki. Kwa kiwango cha zamani cha asilimia 6 ingekuwa 1,440,000, yaani wauguzi wawili. Hakuna mahali popote katika taarifa ya fedha ambapo pameandikwa kwamba muuguzi huyo hayupo. Pengo lake utalikuta wodini tu, pale ambapo zamu ya usiku ina mtu mmoja badala ya wawili.

Mwenye duka akipandishiwa gharama anapandisha bei. Kituo cha afya kinachohudumia umma hakina uhuru huo, kwa sababu bei yake imepangwa na mlipaji. NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ina kitita chake, yaani orodha ya huduma na bei inazolipia, na mvutano uliotokea kitita kipya kilipoanza tarehe 1 Machi 2024, hadi baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa mfuko, ulionyesha jinsi nafasi ya kupumua ilivyo ndogo. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilikuwa ikilipiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na hakukuwa na mtu wa Mbozi au Ludewa ambaye ungemwambia aongeze kwa sababu michango ya mwajiri imepanda. Anayelipa fedha taslimu ni mkulima ambaye mahindi yake bado hayajauzwa. Gharama ikiingia mlango mmoja na bei ikakataa kusogea, kinachobaki kusogea ni huduma yenyewe.

Nimeona inavyosogea, na mara nyingi bila mtu yeyote kuamua kwa nia mbaya. Nafasi ya aliyestaafu haijazwi, kwanza kwa muda, halafu inasahaulika kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi. Mhudumu wa wodi anabadilishwa kuwa kibarua anayelipwa kwa siku ili jina lake lisiwe kwenye orodha ya mishahara, na anayeumia kazini huku hajasajiliwa WCF anabaki na jeraha lake. Baya kuliko yote ni michango ya NSSF kukatwa kwa mfanyakazi na kutopelekwa, kwa sababu mfuko hauji mlangoni kila mwezi kama anavyokuja msambazaji wa dawa. Katika taasisi moja niliyoifahamu kwa karibu, mama aliyewahudumia wajawazito kwa miaka mingi alikwenda kufuatilia mafao yake akakuta miezi mingi ni mitupu. Hasira niliyoipata siku ile bado ninayo. Fedha ile ilikuwa imegeuka dizeli ya jenereta na dawa za wodi, kwa maana hiyo mfanyakazi mwenye mshahara mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa mfadhili wa hospitali bila kuulizwa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Nchini Uingereza, kuanzia Aprili 2025, mchango wa bima ya taifa unaolipwa na mwajiri ulipandishwa kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na mshahara ambao mchango huanza kutozwa ukashushwa kutoka pauni 9,100 kwa mwaka hadi 5,000. Kwa mfanyakazi wa pauni 25,000, mwajiri aliyekuwa akilipa kama pauni 2,194 sasa hulipa 3,000. Angalia hasa wa mshahara mdogo: mtunza wazee wa muda anayepata pauni 9,000 hakuwa akimgharimu mwajiri wake chochote kwa tozo hiyo, na sasa anamgharimu pauni 600. Serikali yao iliahidi kuzifidia taasisi za umma zenyewe, zikiwemo hospitali zake, lakini kliniki za madaktari wa familia, nyumba za kutunzia wazee na hospisi (vituo vya kuwatunza wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha), ambazo hufanya kazi ya umma kwa mkataba, hazikuwemo katika fidia hiyo. Ni pengo lile lile ninalolizungumzia hapa: anayehudumia umma bila kuwa wa umma huhesabiwa kuwa mfanyabiashara siku ya kulipa tozo.

Sipingi tozo hizi. Vijana wetu wanaotoka vyuo vya VETA wakijua umeme, useremala na ufundi wa magari wamesomeshwa kwa sehemu na fedha za SDL, na pensheni ni haki ya mfanyakazi. Ninachoomba ni kwamba wanaoendesha huduma wahesabu mapema, wadai nafuu iliyo yao, na wasikubali tofauti ifidiwe gizani.

Kwa hiyo, kwanza, mhasibu, usipeleke kwenye bodi ombi la ajira lenye mshahara pekee. Muuguzi wa shilingi 700,000 aandikwe kwa gharama yake kamili: NSSF 70,000, WCF 3,500, na kama mnawajibika, SDL 24,500, jumla 798,000 kabla ya likizo na sare. Bodi niliyoiona ikianza kuona hesabu hiyo ilibadilisha namna ya kujadili. Iliacha kuajiri watu watatu kwa fedha ya wawili na nusu.

Pili, fuatilieni misamaha. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 iliondoa SDL kwa hospitali zinazomilikiwa na taasisi za dini, na shule zilizosajiliwa zina msamaha wao. Hilo lilikuwa jambo jema sana, na lilikuwa ni Serikali kukiri kwamba tozo hii ilikuwa ikila huduma. Lakini msamaha unataja hospitali, na taasisi nyingi zina zahanati, hosteli, karakana na duka la vitabu chini ya namba moja ya mlipakodi. Msijiamulie wenyewe kwa kuhisi, wala msiendelee kulipa kwa mazoea. Andikeni barua TRA, mtenganishe watumishi wa kila kitengo kwenye orodha ya mishahara, na mhifadhi majibu kwa maandishi, kwani ofisa aliyewajibu kwa mdomo anaweza kuhamishwa na mkaguzi akaja baada ya miaka mitatu akiulizia.

Kuhusu halmashauri, mkataba wa huduma ndio mahali penye nguvu, na ndipo wengi wetu hunyamaza. Ruzuku hujadiliwa kwa idadi ya vitanda na watumishi waliopelekwa, na mchango wa mwajiri kwa watumishi wa taasisi hautajwi. Utajeni. Pelekeni kwa Mganga Mkuu wa Wilaya jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha gharama ya mwajiri kwa mwaka uliopita na makadirio ya mwaka ujao, pamoja na huduma itakayopungua endapo hakuna nyongeza: zamu gani, kliniki gani, kijiji gani hakitatembelewa. Diwani hawezi kutetea asilimia 10 ya NSSF, ila kliniki ya mama na mtoto ya kata yake ataitetea kwa nguvu zote. Muhimu ni kuwahi. Mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai, na barua inayofika Mei hukuta fedha zimekwishagawanywa, ikiwemo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Fedha ya michango ifungulieni akaunti yake, ihamishwe siku ile ile mishahara inapolipwa, na taarifa ya malipo ya NSSF ibandikwe kwenye ubao wa watumishi kila mwezi. Mkiona hamwezi kulipa, mwambieni mfuko na mwombe kulipa kwa awamu kabla faini hazijarundikana. Nanyi watumishi, msisubiri kustaafu. Ombeni taarifa ya michango yenu NSSF walau kila mwaka, na mkikuta mwezi mtupu, ulizeni kwa maandishi mkiwa bado kazini, wakati kumbukumbu zipo na mhasibu aliyehusika bado anafahamika.