Maswali yenu: Liverpool, manowari ya Sayyid Said

Liverpool na Imaum ni merikebu mbili au moja?
Moja. Iliundwa Bombay, India, kwa ajili ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, ikashushwa majini Novemba 1826 kwa jina Liverpool. Mwaka 1836 alimtunukia Mfalme William IV wa Uingereza, nao Waingereza wakaiita Imaum, kwa kuwa walizoea kumwita Sayyid "Imamu wa Maskati". Anayetafuta habari za kabla ya hapo atumie jina la kwanza.

Mizinga yake 74 ilikaaje?
Mpango wa kawaida wa Kiingereza kwa manowari za mizinga 74 ni 28 sitaha ya chini, 28 ya juu yake, 14 tezi (nyuma) na 4 omo (mbele). Mizito kabisa hukaa chini ili chombo kisipinduke. Kasoro yake ni kwamba madirisha ya chini yako karibu na maji; bahari ikichafuka hufungwa, na mizinga yenye nguvu zaidi inabaki pambo.

Kwa nini iliundwa kwa msaji (mti wa teak)?
Mwaloni wa Ulaya una asidi inayokula misumari ya chuma. Msaji una mafuta yanayoihifadhi, tena hauozi upesi. Hata hivyo wadudu wa baharini hutoboa mbao. Majahazi yetu hupakwa shahamu, kazi ya kurudiwa kila baada ya miezi. Manowari zilivishwa mabati ya shaba, yakadumu miaka. Hapo mafundi walijifunza kwa hasara: shaba na chuma vikikutana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholika. Kwa hiyo chini ya mstari wa maji zikapigwa bolti za aloi (mchanganyiko wa metali) ya shaba.

Kwa nini Sayyid alikitoa chombo kama hicho?
Ilikuwemo katika msafara wake wa Mombasa, 1828, dhidi ya Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo. Lakini manowari ya mizinga 74 ilihitaji mabaharia zaidi ya 500, na haileti faida. Sultana, merikebu yake nyingine iliyo ndogo zaidi, ndiyo iliyopeleka karafuu, pembe na tende New York mwaka 1840. Kwa maoni yetu alifanya hesabu nzuri: alipata urafiki, na kwa kurudishiwa hisani akapewa chombo cha anasa cha kifalme (yacht), Prince Regent.

Iliishia wapi?
Port Royal, Jamaika. Kuanzia miaka ya 1840 ilitia nanga kama bweni la mabaharia waliosubiri kupangiwa meli. Ikavunjwa hukohuko miaka ya 1860.