Rimu za inchi 17 kwa Toyota Fielder: soma hii kabla hujalipa

Ndugu yangu wa Nakuru, umesema una Fielder ya 2014 yenye tairi za 185/60R15 (upana milimita 185, ukuta wa kando asilimia 60 ya upana, rimu ya inchi 15), unataka rimu za 17 na jamaa anakuambia "zitaingia tu". Hapo ndio watu huliwa.

Kwanza matundu. Hiyo yako ni 4x100, yaani matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1, kwa hivyo rimu ikiwa na tundu kubwa lazima uweke pete za plastiki za katikati, bila hivyo stelingi itacheza ukigonga 80.

Tairi sasa. Ya kwako ina kipenyo, yaani urefu kutoka chini hadi juu, cha milimita 603 hivi, ukivaa 195/45R17 unapata 607, sawa kabisa. Hata ukienda rimu za 16, usikubali 205/55R16 ati ni ya bei poa, hiyo ni 632, itakwaruza fenda ukibeba watu nyuma na spidomita itakudanganya.

Lakini mimi mwenyewe nilikuwa na 17, shimo moja tu huko Mau Summit usiku, rimu ikapinda ndani na tairi ikafura kando kama mandazi. Siku hizi niko na 16, 195/50R16, na sijutii. Kama ni safari za mashinani kila wikendi, sikushauri 17.

Rimu za mtumba zungusha kwa mashine ya balansi uone kama zimepinda, na iliyochomelewa achana nayo kabisa. Tairi nayo angalia namba nne za mwisho za msimbo wa DOT kando, 2319 ni kwamba ilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Ukishafunga, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hivi. Gari ikivuta upande mmoja peleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe, usibahatishe.