Barua kwa mwanangu: ile sauti waliyoikataa

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Umeniuliza: "Mama, redio wamenijibu kwamba sauti yangu haina mvuto. Niache utangazaji nibaki na duka Makoroboi?" Nimeisikiliza rekodi uliyowapelekea mara tatu, kalamu mkononi. Sauti yako haina ubaya. Kilichokuangusha ni chumba, kisha usomaji.

Chumba kitupu chenye bati bila dari hurudisha sauti, ndiyo maana unasikika kama uko ndani ya pipa. Rekodi usiku usio na mvua, friji na feni vimezimwa. Simamisha godoro nyuma yako, tundika blanketi ukutani mbele yako. Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila p na b itapuliza. Kipimo cha sauti kisiguse nyekundu. Sauti iliyopasuka haishoneki.

Halafu una haraka. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi msomaji anayekimbia huimeza ile ya mwisho. Umesoma "samak" na "Ukerew". Maneno 100 kwa dakika yanatosha. Tarakimu ziandike kwa maneno kabla ya kusoma. Ile 14,500 ilikukwamisha kwa sababu ulikuwa unaitafsiri huku unatangaza.

Hili la l na r ndilo zito, na sitakuvika kilemba cha ukoka. Umesema "wananchi wamepiga kula". Mtaani kwetu, ambako ndimi nyingi zimekulia kwenye Kisukuma, hakuna anayegeuka. Hewani habari imeshabadilika. Kwenye l ncha ya ulimi hutulia nyuma ya meno ya juu na pumzi hupita kando. Kwenye r hugonga na kuondoka. Kila asubuhi soma jozi kwa dakika 10: kura, kula, mahari, mahali, hari, hali. Jirekodi, ila sikiliza kesho yake, maana siku ileile sikio husikia ulichokusudia, si ulichosema. Kwenye karatasi ya habari, zungushia kila r kwa kalamu nyekundu. Ni kazi ya miezi.

Rekodi yenyewe ilikuwa dakika 11! Nani ana muda huo? Fanya dakika mbili na nusu: habari, maongezi bila karatasi, tangazo moja fupi. Anza na unachokiweza zaidi, na usitie muziki chini ya sauti. Watadhani unaficha kitu.

Ukiitaka meza ya habari, sauti peke yake haitoshi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, na kanuni za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wapo hapo Malimbe, kaulize ada.

Duka usilifunge. Unatoka saa mbili usiku, na mtaa wenu hautulii kabla ya saa nne, basi rekodi baada ya hapo, duka halikuzuii.

Mama yako