Ayoni "zinaundwa", "zinajiunda" au "zinaungana"?

Msomaji mmoja mwanafunzi wa kemia kauliza hivi: kaandika "ayoni za paladiamu zinaundwa na ligandi kuwa mraba", mwenzake kamwambia aseme "zinajiunda", mwingine anataka "zinaungana", sasa ashike lipi? (Ayoni ni chembe yenye chaji ya umeme, hapa ya metali iitwayo paladiamu, na ligandi ni molekuli inayoshikana na hiyo metali.)

Hiyo ya kwanza iache kabisa. Ukisema "zinaundwa na ligandi" mtu anaelewa ligandi ndo fundi na ayoni ndo zinatengenezwa, wakati hizo ayoni zilikuwepo tangu mwanzo ndani ya myeyusho. Ila "kuundwa na" ina kazi nyingine, ya kutaja sehemu za kitu kilichokwisha kuwa kitu, kwa hiyo "mraba umeundwa na ayoni 4 za paladiamu na ligandi 4" ni sawa tu, na huo mraba upo kweli, Makoto Fujita na wenzake wa Japani waliutangaza mwaka 1990. Ayoni inakaa kwenye pembe kwa sababu paladiamu inapenda kushika vitu kwa nyuzi 90, na ligandi yake, baipiridini, imenyooka kama fito, basi inakuwa upande mmoja wa mraba.

Sasa "zinajiunda". Kiambishi -ji- kinataka mtenda na mtendwa wawe yuleyule, na kinachoundwa hapa ni mraba, sio ayoni, kwa hiyo mimi ningesema "mraba unajiunda wenyewe". Ukitaka kuanza na ayoni sema "ayoni na ligandi zinajipanga kuwa mraba", maana hapo kweli zinazopanga na zinazopangwa ni zilezile, hakuna mtu anayezishika moja moja na kuziweka mahali pake.

"Zinaungana" naipenda zaidi pale unapoeleza ile kemia yenyewe, kwa sababu hicho kifungo kati ya metali na ligandi sio cha kudumu moja kwa moja, kinavunjika kinajirudi, na ndo siri ya mambo yote haya: kipande kikikaa vibaya kinaachia, kinajaribu tena, mpaka lipatikane lile umbo tulivu kuliko mengine. Kwa Kiswahili hiyo unaimaliza kwa sentensi moja, "ayoni na ligandi huungana, huachana, huungana tena", na hiyo hu- ya mazoea inafaa kuliko "zinaungana" maana unasema tabia yao, sio tukio la leo.

Angalia pia mfano wa mwanakemia Mfaransa Jean-Marie Lehn, 1987, ligandi ndefu mbili na ayoni za shaba katikati. Wengi wanaandika "ligandi zinajisokota". Hapana jamani, hiyo ni kila moja kivyake! Zikiwa mbili na kila moja inamzunguka mwenzake, zinasokotana.

Na usichanganye na "kujiunga", hilo ni la kuingia kwenye kitu ambacho kipo tayari. Kwenye ile mitandao ya metali na ligandi yenye vitundu, iliyowapa Kitagawa, Robson na Yaghi Nobel ya kemia 2025, ayoni inayofika fuwele likiwa limeshaanza kukua unaweza kusema imejiunga na mtandao. Zile za mwanzo kabisa hazijajiunga na chochote, zimeungana tu.